Kamba mupya inakula ncha ya upinde

Kwa wengi wetu hapa Bukavu, upinde ni kitu cha kutundika ku ukuta ao cha kuchezea ngoma. Lakini ukipanda milima ya Kabare na Kalehe, ao ukishuka mpaka Shabunda, utakuta bado wazee wanaojua kuuchonga na vijana wanaotaka kujifunza. Shida ya hao vijana ni moja: wanachonga upinde muzuri, wanautia kamba ya kisasa, kisha siku chache ncha inapasuka. Wakati mwingine kipande kinaruka ku uso. Na jicho, hakuna anayeliuza sokoni.

Wachimbaji watatuelewa mbio. Munajua namna kamba ya nailoni inavyokula ule muti unaozungushwa juu ya shimo kwa kupandisha mifuko. Kamba nene inaulalia muti; ile nyembamba inaingia ndani kama musumeno. Ku ncha ya upinde ni vile vile, tena zaidi.

Zamani, kamba ya upinde wa musituni ilikuwa ukanda wa kekele iliyopasuliwa, mupana na laini. Waefe wa Ituri, wanaojulikana kwa upinde kama vile Wambuti wanavyojulikana kwa nyavu, waliitumia. Wahadza wa ziwa Eyasi, kule Tanzania, wao wanasokota kano za nyama. Leo watu wanachukua uzi wa nyavu za sambaza, kamba ya poliesta, ao hata waya ya freni ya kinga. Mwenye ndugu Ulaya anatumiwa Dyneema, uzi mwembamba unaoshinda chuma kama uzito ni sawa.

Hapo kuna mambo mawili. Wembamba unakata muti. Halafu kuna kuvutika: mushale ukitoka, mikono ya upinde inakimbia mbele, na kamba ndiyo inaisimamisha. Nailoni na poliesta zinavutika kidogo, zinameza ule mushituko. Dyneema na waya ya chuma hazivutiki, basi kishindo chote kinafika ku ncha, na muti unapasuka kufuata nyuzi zake. Waya ya freni, kwa maoni yetu, muiachie kinga.

Dawa yake ni ya zamani kuliko hiyo kamba. Waingereza walivika pinde zao kofia za pembe ya ngombe. Mashua yao ya vita, Mary Rose, ilizama 1545. Walipoitosha majini 1982, pinde 137 nzima zilikuwa zimepatikana. Pembe zenyewe karibu zote zilikuwa zimeoza, lakini alama yake ilibaki ku ncha za muti.

Neno moja kabla ya kushika kisu. Kuwinda ndani ya Parc ya Kahuzi-Biega ni makosa, na sheria ya 14/003 ya 11/02/2014 haiulizi kama ulitumia bunduki ao upinde. Tunajua neno hilo ni chungu kwa Watwa, walioishi mule mbele parc haijaundwa 1970, kisha wakatoshwa. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ilitangaza 2024 kwamba haki zao zilivunjwa. Upinde ni wa kwao kuliko wa sisi wote.

Sasa kazi. Pembe mutaipata kwa wachinja ngombe, karibu bure. Kata kipande kinene kama nusu sentimita, sugua upande mumoja na tupa mpaka ulale sawasawa. Pembe iko na mafuta: ikwaruze, ipanguse na alkoli, kama sivyo kole haitashika. Tia kole ya mirija miwili, funga na mupira wa chambre à air, na uache siku nzima. Haraka hapa ndiyo inaharibu kila kitu.

Kipande kinakaa ku mugongo wa upinde, upande unaotazama nyama, si upande unaokutazama. Mukato wa kamba unapita ndani ya pembe, kisha unashuka kidogo ku mbavu za muti. Usikate nyuzi za mugongo hata kidogo. Ma-boiseur wanajua muti uliokatwa nyuzi unafanya nini ukibeba uzito. Mukato uwe wa mviringo, usuguliwe laini. Chini yake, zungusha uzi sentimita mbili hivi na uuloweshe kole. Na kamba yenyewe, ile sehemu ya kitanzi, uiongeze nyuzi ili inenepe, isikate.

Upinde wa babu uliokauka miaka mingi usiupe Dyneema hata ukiwa na pembe, poliesta inautosha. Usiachilie kamba bila mushale, juu nguvu yote inarudi ku muti. Siku za kwanza vuta nusu tu, mara ishirini, makumi tatu, na usikilize. Ukisikia «tik» ku ncha, tosha kamba palepale, angalia chini ya uzi.