Umetoka Saudia, Umeshuka Makindu na Hakuna Mtu Unamjua? Hivi Ndivyo Utasimama

Kuna story mbili za kurudi kutoka Gulf ambazo kila mtu mtaani anazijua. Ya kwanza ni ile ya TikTok: JKIA, maua, mathe analia, mbogi nzima imevaa fulana zenye sura yako. Ya pili ni ile ya habari za saa moja usiku, na hiyo unajua vile huisha.

Ya tatu haina kamera. Unatoka JKIA solo na masanduku mawili yamefungwa plastiki. Unafika Mombasa Road, unapanda mathree ya kushuka, na masaa kama matatu baadaye konda anagonga bodi: Makindu! Mathe aliaga ukiwa Riyadh na mazishi uliyaona kwa video. Mabeshte wa high school wako Nai, wengine Mombasa, wengine bado wako huko huko ulikotoka. Nambari yako ya zamani siku hizi ni ya mtu mwingine. Uko nyumbani kwenu, lakini hakuna mlango unaeza gonga saa mbili usiku.

Kama hiyo ndiyo story yako, kaa hapa kidogo.

Kwanza elewa kitu kimoja, ju kitakusaidia usijichukie. Miaka yote ulikuwa kwa nyumba ya mtu, visa yako iko mkononi mwa kafili, off yako ni bahati nasibu, na maisha yako ya kijamii ni WhatsApp. Huku nyumbani pole pole ukageuka kuwa meseji ya M-Pesa. Benki Kuu ilisema Wakenya walio nje walituma karibu dola bilioni 4.9 mwaka wa 2024, na Saudia iko kati ya nchi zinazoleta nyingi. Hiyo hesabu hufanywa kila mwezi. Hesabu ya ni urafiki ngapi ulikufa juu ya hizo doo hakuna mtu huifanya. Doo zikisimama, simu pia zinapungua. Si lazima ati watu wanakuchukia. Ni vile uhusiano ulikuwa umesimama na mguu mmoja, na mguu wenyewe ni wewe kutuma.

Halafu mji nao haukukungoja. Kama uliondoka kabla ya 2017, uliacha treni ya zamani. Sasa SGR inapita kama imekasirika: ile ya kusimama kaunti kwa kaunti inashukisha watu Emali na Kibwezi, lakini Makindu inapiga honi na kuishia. Ukipanda hiyo, shuka Emali kama umetoka Nai ama Kibwezi kama umetoka Mombasa, umalizie na mathree.

Tuseme umefika usiku na hujui pa kulala. Usikimbilie lojing'i ya kwanza unaona taa za rangi, hasa kama uko na pesa taslimu na masanduku. Makindu iko na kitu miji mingi ya Kenya haina: hekalu la Masingasinga kando ya Mombasa Road. Lilijengwa 1926 na Masingasinga waliokuwa wakifanya kazi ya reli, na hadi leo msafiri yeyote anakula bure na kupewa mahali pa kulala, haijalishi dini wala kabila. Unavua viatu, unafunika kichwa, fegi na pombe unaacha nje kabisa. Dishi haina nyama, ni dengu, chapati na chai ya maziwa, na ukiwa umetoka safari ndefu hiyo chai itakutoa machozi. Hakuna bili. Ukiwa na kitu unaweka kwa sanduku la sadaka, ukikosa hakuna mtu atakuangalia vibaya.

Watu wa Makindu wenyewe huona ni mahali pa watalii na madereva wa malori. Lakini fikiria: umekuja kutoka nchi ambayo ulipika ukala jikoni peke yako, na usiku wako wa kwanza Kenya unaketi na watu kumi usiowajua mnakula kitu kimoja. Kwangu mimi hiyo ni kuanza poa kuliko hoteli yoyote. Chunga tu, pale ni pa msafiri. Hapapangishwi mwezi.

Asubuhi tafuta keja ndogo ya kupanga. Usijenge. Usinunue ploti. Usinunue probox. Miezi mitatu ya kwanza wewe ni mgeni, na mgeni akiwa na doo ananuka kutoka mbali. Utashangaa vile watu ambao hawakukupigia simu miaka minne watakumbuka jina lako la pili. Ukiulizwa ulirudi na ngapi, jibu ni moja: nimerudi na afya. Weka pesa benki ama sacco iliyosajiliwa, bakisha ya kula na kodi kwa simu, na usimwonyeshe mtu salio.

Karatasi nazo zimalize mapema, ni kazi ya wiki moja ukiwa na subira. Laini mpya kwa jina lako. Kitambulisho kikiwa kimepotea, nenda Huduma Centre ya Wote. NHIF uliyoiacha iliisha, sasa ni SHA tangu Oktoba 2024. Unajisajili kwa *147#, na kama huna kazi ya mshahara kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi lakini unalipa ya mwaka mzima mara moja, yaani 3,600. Fanya hiyo ukiwa mzima, usingoje ulazwe. PIN ya KRA pia iangalie. Kama ulikuwa nayo na hukuwa unapeleka ripoti kila mwaka kabla ya Juni 30, faini ni 2,000 kwa kila mwaka uliopita, hata kama hukuwa na mapato hapa. Na kama mdosi wa Saudia alibaki na mshahara wako, peleka malalamishi kwa Idara ya Diaspora ukiwa na kandarasi na meseji zote. Usifute hizo meseji ati unataka kusahau.

Sasa tuguse yenye inauma: shamba.

Wengi hurudi wakijua kuna kipande cha babu kinawangoja, wanapata ndugu ama ankal ashapanda mahindi hadi mlangoni. Ukiwa msichana unaambiwa kitu kingine kabisa, ati wewe ni wa kuolewa, huna boma hapa. Hiyo ni uongo wa kisheria. Katiba ya 2010 na Sheria ya Urithi zinampa binti haki sawa na kijana, awe ameolewa ama hajaolewa. Kama hati bado iko kwa jina la mzazi aliyeaga na hakuna kesi ya urithi ilifanywa, hakuna mtu anaruhusiwa kuuza hicho kipande. Anayekuuzia ama anayeuza chako anauza hewa. Anza kwa chifu, ju barua yake ndiyo inaorodhesha warithi, halafu uende kortini. Makindu iko na mahakama yake, hutahitaji kusafiri mbali. Na kabla ya barua, enda nyumbani mara moja na mikono mitupu ya vita lakini na sukari na majani chai. Ongea na mzee mmoja wa boma anayeheshimiwa. Kesi nyingi za shamba Ukambani zinaanza ju mtu alirudi na hasira kabla ya salamu.

Ukipata jibu baya, usilale hapo. Rudi keja yako mjini, uache karatasi zifanye kazi.

Lakini karatasi na doo si ndizo zitaamua kama utakaa. Kinachorudisha watu Gulf mara ya pili, kwa maoni yangu, mara nyingi si njaa. Ni saa moja jioni. Umefunga mlango, hakuna mtu wa kumwambia umeshinda aje. Halafu ajenti anapiga simu, na ndiye mtu wa kwanza wiki hiyo kukuuliza kama uko sawa. Hapo ndipo unajikuta ukitafuta pasipoti kwa sanduku.

Kwa hivyo tafuta watu vile ungetafuta kazi. Kwa makusudi, na bila aibu.

Ukambani tuna bahati, ju kujuana hapa kuna mitambo yake. Wa kwanza ni mwethya. Ukiwa wa kizazi cha simu unaeza kufikiri ni kitu cha vitabu vya historia, ati vikundi vya kuchimba matuta kule Machakos miaka ya 1950. Bado iko. Hayo mabwawa ya mchanga unaona kwa mito mikavu ya Makueni na Kitui, mengi yamejengwa na vikundi vya majirani wanaobeba mawe kwa zamu. Leo shamba langu, kesho lako. Ukisikia kuna kikundi kinachimba ama kinabeba mawe karibu na unapokaa, enda na jembe bila kualikwa rasmi. Hakuna mtu hufukuza mikono. Ukimaliza mnakula isyo kwa sufuria moja, na mathe mmoja atakuuliza wewe ni wa nani.

Hilo swali usilikimbie, ndilo mtambo wa pili. Wakamba tuna mbai, na mtu akijua ukoo wako anajua akuite nani. Atangwa, Aombe, Anzauni, chochote ulicho, kuna watu hapo Makindu, Kibwezi ama Kiboko ambao ghafla wanakuwa ankal na shangazi. Koo nyingi ziko na viongozi, mikutano na mchango wa matanga na karo. Kama mzazi wako aliaga kabla hajakuonyesha hao watu, uliza mzee yeyote sokoni. Mwite mathe wa soko mwaitu, msalimie kwanza, nunua kitu, ndipo uulize. Na kama wewe si Mkamba, umefika tu hapa ju ya barabara, usijali: mji wa malori na reli umezoea watu wa kutoka mbali.

Wa tatu ni chama. Lakini hapa fungua macho. Chama kizuri kimesajiliwa na ofisi ya maendeleo ya jamii, kina watu wasiopungua kumi, kina daftari, na mtu wa kwanza kukuambia juu yake si yule anataka uweke thao hamsini leo jioni. Keti mikutano mitatu ukiweka kidogo tu. Angalia nani anachelewa, nani anakopa halafu anazima simu. Kanisa, msikiti, timu ya mpira ya Jumamosi, kwaya, zote ni mlango. Chagua moja ambayo inakutana kila wiki kwa siku ile ile, ju mtu anayekuona kila Jumatano ndiye atauliza uko wapi Jumatano ukikosa.

Usiku zile mbaya zitakuja hata ukifanya yote. Wengine walirudi na vitu walivyofanyiwa ambavyo hawajaambia mtu yeyote. Red Cross wako na laini ya bure, 1199, unaongea na mtu aliyefunzwa kusikiliza na hakuna mtu Makindu atajua. Hospitali ya Makindu pia iko hapo hapo mjini. Kama umeacha kula ama kulala, enda.

Na ajenti? Simu yake ishike tu, si dhambi kurudi Gulf. Wengine wanarudi mara tatu na wanajenga. Ila mwambie akutumie jina la kampuni kwa maandishi, halafu uangalie kama iko kwa orodha ya National Employment Authority. Na usiamue jioni. Amua saa nne asubuhi, ukiwa umekula, ukiwa umeongea na angalau mtu mmoja anayekujua kwa sura.

Mwisho ni kazi, na hapa kalenda ni muhimu kuliko mtaji. Ukambani mvua ya kutegemea ni ile ya Oktoba hadi Disemba, si ile ndefu ya Machi inayosifiwa redioni. Ndengu inakomaa kwa miezi miwili na nusu hivi. Kama umetua Agosti, una wiki chache za kukodi ekari moja, kuuliza jirani alipanda mbegu gani mwaka jana, na kutafuta watu wa kulima nao. Palizi ya ndengu hakuna mtu huifanya peke yake, na siku ya kuvuna utahitaji mikono mingi kuliko yako. Hao ndio watu wa kuanza kusalimia sasa.