Je, Wajua? Roki Mpya, Mifupa ya Zamani

Je, wajua kwamba mapigo ya gitaa yanayofungua "Johnny B. Goode" ya Chuck Berry, wimbo uliowatia vijana wa Marekani wazimu mwaka 1958, yalikuwa yamekwisha kurekodiwa miaka 12 kabla? Carl Hogan aliyapiga mwaka 1946, karibu noti kwa noti, katika bendi ya Louis Jordan. Berry mwenyewe hakulificha deni hilo. Mwaka 1977 wimbo wake ulitiwa kwenye santuri za dhahabu za vyombo vya anga vya Voyager, roki pekee iliyomo humo. Hogan naye basi yumo safarini kati ya nyota, ingawa wachache wanalijua jina lake, na hilo si haki.

Mfano ulio wazi zaidi ni "When the Levee Breaks". Memphis Minnie na Kansas Joe McCoy waliurekodi mwaka 1929, baada ya mafuriko makubwa ya mto Mississippi ya 1927: sauti moja na magitaa mawili, basi. Mwaka 1971 Waingereza wa Led Zeppelin waliurudia. Ngoma za John Bonham ziliwekwa chini ya ngazi za jumba la kale huko Hampshire, maikrofoni zikaning'inizwa juu, na mwangwi wa kuta ukaingia wote kwenye rekodi. Maneno mengi yalikuwa yaleyale, lakini mngurumo ule haukuwamo kwenye rekodi ya 1929. Mwaka 1986 Beastie Boys wakazikata ngoma hizo na kuzirapia.

Kwangu mimi, upya wa roki umo hapo: katika mlio, kuliko katika utunzi. Tena mara nyingi mlio huo umezaliwa na ajali. Tony Iommi, mpiga gitaa wa Black Sabbath, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine ya kiwandani akiwa na miaka 17. Akajitengenezea vifuniko vya plastiki, akatumia nyuzi nyembamba, kisha akazilegeza ili zisimuumize. Sauti ikashuka, ikawa nzito na ya kutisha, na bendi za metali zinaifuata hadi leo.

Hata hivyo, upya huo wa mlio umefifia: watafiti wa Hispania walipozichambua kwa kompyuta rekodi zaidi ya 460,000 za 1955 hadi 2010, za roki na za mitindo mingine, waligundua mwaka 2012 kwamba aina za milio zimepungua tangu miaka ya 1960, huku sauti ikizidi kupandishwa. Wazee wanaolalamikia kelele hawajakosea, basi. Albamu ya bendi ya Metallica ya 2008, "Death Magnetic", kwa mfano, ilibanwa na kupandishwa sauti mno hata ikakwaruza, na mashabiki wengi wakaipenda zaidi ile iliyomo kwenye mchezo wa video wa "Guitar Hero", ambayo haikubanwa kiasi hicho.