Kwa nini marashi inabadilika juu ya ngozi, na namna ya kuijaribu mbele ya kulipa

Leo niongee kidogo juu ya marashi. Musicheke: mtu wa agronomia iko na haki ya kuongea juu ya maua. Tena ni jambo ya feza. Mwanafunzi anaweza kuweka dolari miezi mbili, anunue chupa moja ya siku ya kolasio. Kiisha saa moja anasema: "Harufu imeisha, wamenidanganya." Pengine ni kweli, pengine hapana. Tuone namna ya kujua.

Nitwae mfano ya J'adore ya Dior, juu wengi wanaijua. Ilitoka mwaka 1999, na aliyeitunga ni Calice Becker. Ni marashi ya wanawake ya matunda na maua: kwanza unasikia harufu ya peya, kiisha maua kama langilangi, jasmini na waridi, na mwisho miski.

Matunda inatoka wapi? Usifikiri kuna mtu alikamua pichi. Pichi haitoe mafuta ya harufu vile ganda ya chungwa inatoa; harufu yake inatengenezwa ku labo. Nyumba ya Guerlain ilishatumia molekuli ya pichi ndani ya Mitsouko, mwaka 1919. Na "ya labo" haimaanishe "ya uongo": isoamili asetati, ile inanuka ndizi, chachu nayo inaitengeneza yenyewe ndani ya pombe.

Langilangi, yenyewe, ni kazi ya shamba. Ni mti wa maua ya manjano, unalimwa sana Komoro. Watu wa Zanzibar wanauita mlangilangi. Wanaukata ubaki mfupi, mikono ifikie maua, na wanavuna asubuhi mapema, mbele jua haijapandisha harufu yote hewani. Kilo 50 hivi ya maua inatoa kilo moja tu ya mafuta.

Sasa sikieni vizuri, juu hapa njo maana yote. Wakati wa kuchemsha ile maua, mvuke haubebe harufu yote mara moja. Saa za kwanza zinatoa sehemu nyepesi, inaitwa "ekstra", ya bei kali. Kiisha inakuja ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila moja nzito kupita ingine. Ngozi yako inafanya kazi ileile. Joto ya mwili inarusha alkoli na molekuli ndogo kwanza: peya inaenda ndani ya dakika 15 hivi. Maua inabaki masaa kazaa. Miski, yenye molekuli nzito, inabaki mpaka jioni. Pichi nayo ni nzito kuliko peya, ndiyo maana inakawia chini ya maua.

Kwa hiyo, marashi ya muzuri lazima ibadilike. Kubadilika siyo kuisha. Tena pua inachoka: wewe hausikie tena, lakini wale muko nao ndani ya biro wanasikia. Mbele ya kuongeza, uliza rafiki. Siku ya kuomba kazi, ndani ya chumba kidogo, mara mbili inatosha.

Ngozi kavu inashika harufu kidogo. Kwa hiyo paka kwanza mafuta isiyo na harufu. Angalia na etiketi: "eau de parfum" kwa kawaida iko na harufu mingi kuliko "eau de toilette", na inakawia zaidi.

Na ku soko? Muuzaji anakupulizia, unanusa dakika moja, anataka ulipe. Ile dakika moja ni ya peya tu, na mwanzo ni sehemu rahisi kuiga. Kazi ya fundi iko katikati na mwisho. Mwambie akutilie ku mkono, siyo ku karatasi wala ku nguo. Nenda, nunua unga na mboga, fanya kazi yako. Nusa kiisha nusu saa: maua iko? Nusa tena kiisha masaa ine. Kama kunabaki kitu unapenda, rudia na feza yako. Kama imebaki alkoli ya kuwasha pua ao hakuna kitu, feza yako ingali mufukoni.

Muuzaji akikataa usubiri, hiyo nayo ni jibu.