Mimea, Vidonge na Mionzi: Yapasayo Kujulikana Kabla ya Kununua

Miongoni mwa bidhaa za mimea zinazouzwa madukani, kwenye vituo vya mabasi na kupitia simu za mkononi, zimo zenye vibandiko vinavyodai kwamba "hukinga seli dhidi ya mionzi". Wanunuzi wake wakubwa ni wagonjwa wa saratani wanaojiandaa kwa tiba ya mionzi, au ndugu zao wanaotaka kuwapunguzia mateso. Maswali wanayotuuliza kwa kawaida ni mawili: je, dawa hii inafanya kazi? Na kwa kuwa ni ya mimea, je, haina madhara? Lipo swali la tatu ambalo huulizwa kwa nadra, nalo kwa maoni yetu ndilo kubwa kuliko hayo mawili: ikiwa dawa hii kweli inakinga seli, inakinga seli zipi?

Ili kulijibu, hatuna budi kueleza kwanza jinsi mionzi inavyodhuru. Mionzi ya eksirei, na ile inayotumika kutibu saratani, ina nguvu ya kung'oa elektroni kutoka kwenye atomu. Ipitapo mwilini inaweza kuukata uzi wa DNA moja kwa moja. Lakini kwa kuwa sehemu kubwa ya seli ni maji, mara nyingi huyagonga maji kwanza. Molekuli za maji huvunjika na kuzaa vipande visivyotulia, viitwavyo radikali huru, ambavyo hushikamana na chochote kilicho karibu navyo, DNA ikiwemo. Kwa eksirei, takriban theluthi mbili za madhara hupitia njia hii ya pili. Yote hayo hutukia kwa muda mfupi mno kuliko kufumba na kufumbua jicho. Kwa hiyo, kitu kinachotarajiwa kuzizima radikali hizo sharti kiwe kimekwisha kufika ndani ya seli kabla ya mionzi kupita. Mgonjwa anayekunywa kidonge chake jioni, baada ya kutoka hospitali, kwa kazi hiyo amechelewa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mimea ina kemikali nyingi zenye uwezo wa kuzima radikali, nazo huitwa vizuia oksidisheni. Hapo ndipo matumaini yalipoanzia, na hayakuanza kwa waganga matapeli. Mwaka 1949 wanasayansi nchini Marekani walionyesha kwamba panya waliopewa sisteini, moja ya viungo vinavyojenga protini, walistahimili mionzi kuliko wenzao. Baadaye jeshi la nchi hiyo lilipima kemikali zaidi ya 4,000 likitafuta kinga kwa ajili ya askari wake. Nchini India, watafiti wa Manipal waliuchunguza mtulasi, mmea ambao ni ndugu wa kivumbasi na mrehani wetu, wakapata humo kemikali mbili, orientini na viseni, ambazo zilipunguza madhara ya mionzi kwa panya wadogo wa maabara. Manjano, tangawizi na soya navyo vimefanyiwa majaribio ya namna hiyo.

Matokeo hayo hatuyadharau. Tunachomwomba msomaji ni kuangalia yalivyopatikana. Panya yule alichomwa sindano ya kemikali iliyosafishwa, akapigwa mionzi mwili mzima baada ya muda mfupi, kisha watafiti wakahesabu siku alizoishi. Mgonjwa wetu, awe Ocean Road au Bugando, hupigwa mionzi kwenye sehemu ndogo ya mwili, mara nyingi kiasi cha grei 2 kwa siku, na huenda siku 25 au 35 zikapita kabla tiba haijakamilika. Naye hameza kidonge kinachopitia tumboni na kwenye ini, ambako sehemu kubwa ya kemikali hizo huvunjwa kabla ya kufika popote. Kibandiko kinachosema "imethibitishwa na wanasayansi" pengine kinasema kweli; kinachonyamazia ni kwamba aliyethibitishiwa ni panya.

Manjano ni mfano mzuri, kwa kuwa hayakuishia kwa panya. Kemikali yake kuu ni kurkumini. Mwaka 2013 watafiti wa Rochester, Marekani, walichapisha jaribio la wanawake 30 wenye saratani ya matiti, ambamo waliopewa gramu 6 za kurkumini kila siku ya tiba walipata madhara madogo zaidi ya ngozi kuliko waliopewa vidonge vitupu. Habari hizo zilienea upesi, na hadi leo hunukuliwa kwenye matangazo. Jaribio lililofuata, lililokuwa na wagonjwa zaidi ya 500 na lililochapishwa mwaka 2018, halikuona tofauti ya maana kati ya makundi hayo mawili. Hili la pili hatujaliona kwenye kibandiko chochote. Tena, unga wa manjano una kurkumini ya asilimia 3 hivi. Anayetaka kupata gramu 6 kutoka jikoni angelazimika kula gramu 200 za unga kila siku. Kwa hiyo kijiko cha manjano katika mchuzi hakimdhuru mgonjwa, wala si kinga ya mionzi.

Sasa turudi kwenye swali la tatu. Tiba ya mionzi huua seli za saratani kwa njia ileile tuliyoieleza, yaani kwa kuivunja DNA yake, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na radikali huru. Kitu kinachozizima radikali mwilini kote huenda kikailinda ngozi, kikaulinda mdomo, na kikaulinda uvimbe pia. Hofu hii si ya kinadharia tu. Katika jimbo la Québec, Kanada, wagonjwa 540 wenye saratani za kichwa na shingo waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa vitamini E, na wa mwanzo wao wakaongezewa betakarotini, ile rangi ya karoti na maembe; kundi la pili lilipewa vidonge vitupu. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2005, walioongezewa betakarotini walikuwa wamepata madhara makali machache zaidi wakati wa tiba. Mgonjwa na muuguzi wake wangeweza kusema kwa nia njema kabisa kwamba vidonge vinafanya kazi. Lakini katika kundi lililopewa virutubisho, saratani ilielekea kurudi palepale mara nyingi zaidi, na ufuatiliaji wa baadaye ukaonyesha vifo vingi zaidi katika kundi hilo. Uchambuzi uliotolewa mwaka 2008 ulionyesha kwamba hatari hiyo iliwaangukia wale waliovuta sigara wakati wa tiba.

Tunalitilia mkazo jaribio hili kwa sababu linaonyesha jinsi mtu anavyoweza kudanganyika bila kudanganywa. Nafuu ya leo huonekana kwa macho: kinywa hakiumi sana, chakula kinapita. Saratani inayorudi baada ya miaka miwili haiji na kibandiko kinachosema imetokana na nini.

Ipo dawa moja ambayo kweli ilivuka vikwazo hivi, nayo haitokani na mmea. Ni amifostini, iliyopatikana katika ule upimaji wa jeshi la Marekani. Huko iliidhinishwa mwaka 1999 kupunguza ukavu wa kinywa kwa baadhi ya wagonjwa wa saratani za kichwa na shingo. Inafaa kwa sababu seli zenye afya huipokea na kuiamsha vizuri kuliko seli nyingi za uvimbe. Hata hivyo hutolewa kwa mshipa, muda mfupi kabla ya kila kipindi cha mionzi, na huweza kushusha shinikizo la damu na kuleta kichefuchefu kikali. Hadi tunapoandika, hakuna kidonge cha mmea kilichofikia hata hapo.

Kwa dawa za kupaka, picha si mbaya kiasi hicho, kwa kuwa hazienezwi mwilini kote. Nchini Ufaransa, jaribio la wagonjwa 254 wa saratani ya matiti lililochapishwa mwaka 2004 lilionyesha kwamba krimu ya ua la kalendula ilipunguza kuungua kwa ngozi kuliko krimu nyingine iliyozoeleka huko. Mshubiri, ambao wengi wetu tuna mche wake uani, haukufanya vizuri ulipopimwa kwa wagonjwa. Vyovyote iwavyo, usipake kitu chochote kwenye eneo la tiba bila kumwonyesha mtaalamu wa mionzi.

Na je, cha asili hakidhuru? Vidonge vyenye kurkumini nyingi vimehusishwa na homa ya ini katika nchi kadhaa. Mara nyingi huchanganywa na piperini ya pilipili manga ili ifyonzwe zaidi, na piperini hiyohiyo huweza kuchelewesha uvunjwaji wa dawa nyingine, hivyo kipimo alichokadiria daktari kikawa si kile kilichomo katika damu. Aidha, mwaka 2019 watafiti waliripoti kwamba huko Bangladesh manjano yalikuwa yakipakwa kromati ya risasi ili rangi ing'ae. Sumu hiyo haionekani kwa jicho.

Wapo pia wanaouziwa kinga kwa ajili ya eksirei moja ya kifua. Kipimo hicho humpa mtu takriban milisivati 0.1, ilhali mionzi ya asili itokayo ardhini, angani na katika vyakula humpa binadamu wastani wa milisivati 2.4 kwa mwaka. Ni sawa na siku 15 hivi za kuishi tu. Kuhusu simu, mawimbi yake hayana nguvu ya kung'oa elektroni, hivyo hakuna radikali za namna tuliyoieleza za kuzimwa. Fedha hizo zibaki mfukoni.

Mgonjwa aliyekwisha kuanza kutumia bidhaa ya aina hii asiache kwenda kwenye mionzi kwa hofu, wala asimfiche daktari. Achukue chupa yenyewe, si jina lake tu, aende nayo siku ya miadi, aseme anameza vidonge vingapi na tangu lini. Chakula cha kawaida, mboga za majani na matunda aendelee kula, isipokuwa ameelekezwa vinginevyo. Tunayoyazungumzia ni vidonge, unga na matone yenye kemikali hizo kwa wingi. Muuzaji akimwambia aahirishe mionzi ili "dawa ifanye kazi kwanza", asinunue, na atuarifu. Akipata manjano ya macho, mkojo mweusi au kutapika baada ya kutumia bidhaa, aende kituo cha afya siku hiyohiyo, kisha atuletee chupa, boksi na risiti. Namba ya toleo iliyochapwa chini ya chupa ndiyo itakayotuwezesha kuzitafuta chupa nyingine zilizotengenezwa pamoja na yake.