Mtu Yuko Hai, Wengine Wamehukumiwa Kifo

Habari hii ni ya jirani zetu wa Uganda. Inatugusa sisi wa Masisi na Walikale, kwa sababu hata kwetu kinyongo cha majirani kinaweza kumfikisha mtu gerezani.

Mwaka wa 1981, Edmary Mpagi wa Masaka alikamatwa pamoja na binamu yake Fred Masembe. Walishitakiwa kwamba walimnyang'anya mtu mali yake na kumwua. Mwaka wa 1982 wakahukumiwa kifo. Lakini yule mtu hakuwa amekufa! Mpagi ameeleza kwamba majirani walikuwa na kinyongo na wazazi wake, na kwamba daktari alipewa rushwa ili aseme mbele ya hakimu kwamba aliipima maiti.

Wazazi hawakunyamaza. Walihangaika kuonyesha kwamba aliyedaiwa kuuawa anaishi, na mwishowe serikali yenyewe ikachunguza ikaona ni kweli. Hata hivyo mlango haukufunguliwa upesi. Masembe alikufa gerezani mwaka wa 1985. Mpagi alikaa gereza la Luzira, Kampala, akiona wenzake wakipelekwa kunyongwa, hadi mwaka wa 2000 alipotoka kwa msamaha wa raisi. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka 18. Na tuangalie neno hilo: msamaha. Mtu anasamehewa kosa ambalo halikutendeka.

Alipotoka alianzisha shule kwao Masaka, kwa ajili ya watoto ambao wazazi wao wako gerezani. Alijua kwamba mzazi akifungwa, mtoto naye anaadhibiwa.

Sisi tunaofundisha tunayaona hayo. Baba anakamatwa, minervali inakosekana, na wenzake darasani wanamwita mtoto wa muuaji. Baada ya siku chache kiti chake ni kitupu.

Basi tufanye nini?

Kwanza, tusitoe ushuhuda wa jambo tulilosikia tu. Tuulize: nani aliona? Maiti iko wapi?

Pili, tujue haki zetu. Katiba ya inchi yetu ya mwaka wa 2006, kifungu cha 17, inasema mtu aliyeshitakiwa anahesabiwa hana kosa mpaka hukumu ya mwisho. Kifungu cha 18 kinasema aliyekamatwa aelezwe sababu kwa luga anayoielewa, aruhusiwe kuwasiliana mara moja na jamaa au avoka wake, na asipitishe saa 48 kabla ya kuachiliwa au kufikishwa mbele ya wakubwa wa sheria.

Tatu, jamaa waanze mapema kutafuta mashahidi na kuandika majina yao, maana watu wanahama na wengine wanakufa.

Nne, mtoto abaki shuleni. Mama jirani amchukue asubuhi pamoja na wake, na mwalimu akataze matusi darasani. Hata kama mzazi ana kosa kweli, mtoto wake hajahukumiwa na mtu.