Banda la Kuku Kuwa Makao ya Njiwa

Banda la kuku lililobaki tupu uani linaweza kuwa makao mazuri ya njiwa, lakini haitoshi kuwafungulia mlango tu. Kuku ni ndege wa chini: huchakura, hula na hutaga karibu na ardhi. Njiwa wa kufugwa asili yake ni njiwa wa majabali, azaaye kwenye kingo za miamba, na hadi leo hutafuta ukuta na mahali pa juu. Basi sehemu kubwa ya kazi ni kuyahamisha maisha ya banda kutoka sakafuni hadi kwenye kuta.

Usafi hutangulia. Utitiri mwekundu hujificha kwenye nyufa za mbao mchana na kutoka usiku kunyonya damu, na unaweza kukaa miezi kadhaa bila kula; kwa hiyo banda lililokaa tupu muda mrefu lisidhaniwe kuwa salama. Kinyesi kikavu kinyunyiziwe maji kwanza, ndipo kikwanguliwe, na mwenye kukwangua avae barakoa, kwani vumbi lake huleta maradhi ya mapafu. Kuta zisuguliwe kwa maji moto na sabuni, nyufa zizibwe, kisha kupakwe chokaa. Ikiwa kuku wa mwisho walikufa kwa mdondo, afisa mifugo aulizwe kabla ya kuingiza ndege wapya, maana njiwa nao hupatwa na virusi vya jamii hiyo.

Waya wa kuku wenye matundu mapana humzuia kuku kutoka, haumzuii panya wala nyoka kuingia. Afadhali wavu mgumu wenye matundu ya sentimita 1 hivi, uliofukiwa kidogo ardhini ili kicheche asichimbe chini yake. Upande unaopigwa na mvua uzibwe kwa mbao au mabati. Pwani, ambako masika huja na upepo wa kusi, ukuta wa kusini ndio wa kuziba kwanza. Nafasi ya kupitisha hewa iachwe juu, chini ya paa, kwa sababu njiwa huumizwa zaidi na unyevu kuliko baridi.

Ndani, masanduku ya kutagia yaliyoko chini yaondolewe, na mahali pake vipigiliwe vishubaka ukutani. Kila jozi ipate viwili, vyenye upana, kina na kimo cha sentimita 30 hivi, kila kimoja kikiwa na ukingo mfupi mbele wa kuzuia mayai yasidondoke. Viwili si anasa: jike hutaga tena kabla makinda wa kwanza hawajaondoka, na bila kishubaka cha pili mayai mapya hukanyagwa. Kujenga kiota ni kazi ya wawili. Dume huleta kijiti kimoja kimoja, na jike aliyeketi hukipokea na kukisukuma chini ya kifua chake. Baada ya mayai mawili kutagwa, wote wawili huatamia kwa zamu kwa siku 18 hivi, dume mchana, jike usiku. Njiti za fagio kuukuu na nyasi kavu zikiachwa sakafuni zinatosha.

Fito za kulalia kuku zibadilishwe kwa vipande vya mbao bapa, kimoja kwa kila njiwa, visipangwe wima kimoja juu ya kingine, la sivyo wa chini watachafuliwa. Chombo cha maji kiwe na kina cha kuzamisha mdomo, kwa sababu njiwa hunywa kwa kufyonza bila kuinua kichwa. Chakula ni nafaka nzima na kunde: mtama, choroko, mahindi yaliyoparazwa, pamoja na changarawe na maganda ya chaza yaliyopondwa.

Mwisho hutobolewa dirisha dogo juu, lenye ubao wa kutua nje na kifuniko cha kufungwa usiku. Lisifunguliwe mapema. Njiwa mkubwa aliyenunuliwa hukumbuka kwao na akiachiwa hurudi huko, hivyo afungiwe wiki 4 hadi 6. Makinda waliotoka tu kiotoni huzoea upesi zaidi. Siku ya kwanza wafunguliwe jioni, saa moja kabla ya jua kuzama, wakiwa hawajala, huku mtama ukitikiswa kwenye kopo walilozoea kulisikia wakati wa kulishwa.