TAZAMA KINYWA CHA MBWA WAKO

Ndugu mkulima, kila asubuhi kabla ya kukamua huosha kiwele cha ng'ombe wako na kukitazama vizuri. Kuku akijikunyata pembeni siku moja tu, unamwona. Lakini mbwa anayewalinda wote usiku, ni lini ulipomwinua mdomo ukatazama meno yake? Wengi wetu hatujafanya hivyo hata mara moja. Mbwa akinuka kinywa twasema, "Ndivyo mbwa walivyo." Sivyo hata kidogo. Uvundo wa kinywa ni dalili ya ugonjwa.

Ukienda Membley, karibu na Ruiru, utasikia mbwa wakibweka nyuma ya malango, wakilinda nyumba na mali. Katika skimu ni vivyo hivyo: kuna ndama, kuku na ghala la mahindi, na mlinzi ni mbwa. Mlinzi anayeumwa na meno hali vizuri, hukonda, wala hana nguvu ya kukesha.

Ukoga huanzaje?

Mbwa mkubwa ana meno 42, yaani 10 zaidi ya yako. Mtoto wa mbwa ana 28. Meno hayo ya utoto huanza kung'oka apatapo miezi 3 au 4, na kufika miezi 7 ya ukubwa huwa yametoka. Ukiona jino la utoto limebaki kando ya jipya, mwonyeshe daktari wa mifugo, maana chakula hukwama katikati yake.

Kila siku utando mwembamba wenye vijidudu hushika juu ya meno. Mwanzoni ni laini, na kitambaa chaweza kuufuta. Ukiachwa siku chache, madini yaliyo katika mate huugandisha ukawa mgumu kama jiwe, wa rangi ya manjano au kahawia. Huo ndio ukoga. Ukoga ukiingia chini ya ufizi, ufizi huvimba na kutoka damu, mfupa unaoshika jino huliwa, na mwishowe jino hulegea. Mbwa wengi waliopita miaka 3 wana dalili za ugonjwa huu.

Mbwa hawezi kukueleza. Utamwona akitafuna upande mmoja, akidondosha chakula, au akikataa kuguswa uso. Akivimba chini ya jicho, usidhani ni nyuki tu. Mara nyingi ni usaha kwenye mizizi ya gego kubwa la juu.

Namna ya kusafisha

Anza mbwa akiwa mdogo, naye atazoea.

1. Siku za kwanza mwinue mdomo tu, uguse meno kwa kidole, kisha umpe kipande cha chakula.

2. Akishazoea, funga kitambaa safi chenye maji kwenye kidole, au tumia mswaki laini wa mtoto. Sugua upande wa nje wa meno, hasa magego ya nyuma na mahali jino linapokutana na ufizi. Upande wa ndani ulimi wake husaidia kuusafisha.

3. Fanya hivyo kila siku. Ukishindwa, fanya mara nyingi kadiri uwezavyo katika juma. Dakika mbili zatosha.

Usitumie dawa ya meno ya watu. Mbwa hajui kuitema, na nyingine zina sukari iitwayo zailitoli ambayo ni sumu kali kwake. Iko dawa ya meno ya mbwa. Usipoipata, maji safi yatosha.

Ukoga uliokwisha kuwa mgumu hautoki kwa mswaki. Usiubandue kwa kisu wala msumari, kwani utakwaruza jino na kuumiza ufizi. Hiyo ni kazi ya daktari, naye humlaza mbwa kwa dawa ya usingizi kwanza.

Watu husema mfupa husafisha meno. Lakini mfupa uliopikwa huvunjika vipande vyenye ncha, navyo hutoboa matumbo. Na mfupa mgumu wa mguu wa ng'ombe huweza kupasua gego. Vilevile, mbwa anayefungwa mchana kutwa hutafuna mnyororo au wavu wa banda mpaka chonge zake zikaisha. Mfungue mahali palipo na ua, apate kukimbia.

Wakati usiotia mkono

Sasa sikiliza vizuri. Huenda siku moja ukamwona mbwa taya limelegea, mate yakimtiririka, hawezi kumeza, na sauti yake imebadilika. Utadhani mfupa umemkwama. Usitie mkono! Huenda ni kichaa cha mbwa, na ugonjwa huo umo katika mate. Dalili zake zikishaonekana kwa mtu, karibu kila mara hufa.

Waondoe watoto, ufunge mlango wa banda au lango ikiwezekana bila kumgusa, na upeleke habari ofisi ya mifugo mara moja. Mbwa akikuuma, au mate yake yakigusa jeraha, osha mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje uone mbwa atakuwaje.

Kinga ni sindano ya chanjo kila mwaka. Mwaka 2014 Kenya iliweka mpango wa kumaliza vifo vya watu vya kichaa cha mbwa kufika mwaka 2030. Mpango huo hauwezi kutimia ikiwa wewe na jirani yako mtawaacha mbwa wenu nyumbani siku ya chanjo.

Basi, mkulima, mbwa aliyechanjwa na kuzoea kushikwa kinywa ni rahisi kumtunza. Jioni hii, kabla ya kumpa chakula chake, mwinue mdomo utazame.